Kodi ya Ra

Mdogo wangu alikuja nyumbani Kitale kwa mapumziko ya katikati ya muhula, akaniambia huku akikoroga uji kwamba hataki kurudi shule. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekujulisha kwamba chumvi imeisha.

"Nitakuja tusage pamoja," alisema. "Wewe unachoka peke yako."

Nilikuwa nimekaa kitandani nikivua viatu. Nafanya kazi kwenye kinu cha posho karibu na soko, na jioni unga hutoka hata ndani ya soksi. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Kwetu tulizaliwa watatu, mimi nikiwa wa kwanza. Baba alifariki, mama akafuata baada ya miaka miwili, nami nikaacha shule nikiwa kidato cha pili ili wale wawili wapate kula na kusoma. Wa kati ameshaoa, analima upande wa Kiminini. Huyu wa mwisho yuko kidato cha tatu, shule ya bweni ya wasichana huko Bungoma.

"Na mchezo?" nilimwuliza, maana tangu afike hakuwa amezungumza juu ya kitu kingine.

"Mchezo nitamaliza. Halafu nitatoka."

Shule yao ilikuwa ikitayarisha mchezo wa kuigiza wenye nyimbo, waende nao kwenye tamasha, na yeye alikuwa amepewa wimbo wa kuimba peke yake. Nilimtazama akikoroga uji nikafikiri kwamba mchezo ule ndio kamba pekee iliyobaki. Akiendelea kuigiza, atakaa shule wiki nyingine kadhaa, na katika wiki kadhaa mtu anaweza kubadilisha mawazo. Akiondolewa kwenye mchezo, atafunga sanduku siku hiyo hiyo.

Wiki moja baada ya yeye kurudi, mwalimu wao alinipigia simu. Wanafunzi walimwita Madam, nami nikamwita hivyo. Aliniambia kwamba mwalimu aliyetunga nyimbo za mchezo, mtu wa Bungoma, alikuwa amehamishiwa kaskazini mahali ambapo simu yake haikupatikana. Alikuwa ameacha sauti yake tu, aliyoirekodi darasani akiimba na kupiga kinanda. Madam alijua kuigiza lakini muziki hakuujua.

"Mdogo wako amesema unapiga kinanda kanisani."

"Napiga kidogo, Madam."

"Amesema unaweza kusikia wimbo ukajua kodi zake bila kuandikiwa."

Ilikuwa kweli, ila sikuwahi kusikia mtu akiitaja kama kitu cha kujivunia. Nilianza kupiga kinanda kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikifagia kanisa siku za Jumamosi, na kinanda kilikuwa pale. Mama aliimba sauti ya pili katika kwaya, kwa hiyo sauti za solfa nilizijua kabla sijajua kusoma. Do ndiyo nyumbani. Ukishaipata do, sauti nyingine zote unazijua kwa umbali wake kutoka pale. Nikishika ufagio kwa mkono mmoja, kwa mwingine nilitafuta do ya kila wimbo tuliouimba, kisha besi, yaani ile sauti ya chini kabisa inayotembea chini ya nyingine. Ukiisikia besi, kodi umeipata.

Kodi ni sauti tatu zinazobonyezwa pamoja, na sisi tusiosomea muziki huiita kwa jina la ile ya chini. Kodi ya do, kodi ya fa, kodi ya so: hizo tatu zina uso mkunjufu, na nyimbo nyingi za kanisani hazitoki nje ya hizo. Kodi ya re na kodi ya la zina uso wa mtu aliyepata habari mbaya.

Madam alinitumia nyimbo tano kwa simu, pamoja na picha ya ukurasa wa daftari la mdogo wangu. Kabla mwalimu hajaondoka, alikuwa amewatajia wanafunzi kodi za ule wimbo wa peke yake, na mdogo wangu akaziandika kwa herufi, kila kodi herufi yake, kama watu wa solfa wanavyofanya: d ni do, r ni re, s ni so, l ni la. Nilipewa hadi Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Nilisikiliza asubuhi kabla mota haijawashwa, na mchana tulipozima kubadilisha mkanda. Nilijikalia juu ya gunia, simu sikioni, macho nimeyafunga. Bibi mmoja aliyekuwa akingoja gorogoro zake mbili za mahindi alinitazama kwa muda mrefu.

"Wewe unasikiliza nini hivyo? Bwana amepiga?"

"Natafuta kodi, kukhu," nilimjibu, jinsi tunavyowaita mabibi kwetu.

"Kodi ya nyumba haitafutwi na masikio, bana. Inatafutwa na miguu."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka, nami nikacheka, kisha mota ikawashwa na sikusikia kitu tena hadi jioni. Ukifanya kazi kinuni siku nzima, masikio hurudi nyumbani yamejaa. Nyimbo nne zilikuwa rahisi hata hivyo. Ule wa sokoni ulikuwa do, fa, so, kama wimbo wa sadaka ulioongezwa mwendo. Ule wa ndugu wanaogombania shamba ulianza kwenye la, na kila mmoja aliporudisha neno kwa mwenzake, besi ilipanda ngazi moja. Nilipogundua jambo hilo nilitabasamu peke yangu. Ugomvi wa nyumbani hupanda hivyo hivyo.

Nilianza kuona pia kwamba wimbo wa jukwaani si ndugu wa wimbo wa kanisani. Wa kanisani huanza nyumbani, huenda kwa jirani fa, huenda kwa jirani so, hurudi. Anayeimba ameshaamini tangu mwanzo. Wa jukwaani huimbwa na mtu ambaye hajui bado atafanya nini, na kodi hazimruhusu kufika nyumbani hadi aamue. Ukitaka kujua mtu anawaza nini, usisikilize maneno yake peke yake. Sikiliza besi inamnyima nini.

Wimbo wa tano ulikuwa wa mdogo wangu. Katika mchezo, mama amekufa, na binti wa kwanza amesimama mlangoni na mfuko wa vitabu, hajui aende shule au abaki na wadogo zake. Anaimba:

*Nikienda nani atafunga mlango,*
*nikikaa nani atafungua.*

Sikuuliza mwalimu yule alitoa wapi hadithi hiyo. Niliisikiliza kama kazi, nikiwaza besi tu. Do, ikapanda so. Kwenye neno "atafungua" mwalimu alivuta sauti moja ndefu, sauti ya la, na hapo hapo, kwenye rekodi, mvua ikaanza kunyesha juu ya mabati ya darasa. Besi ilizama. Sauti ya mwalimu nayo ilizama baada ya ile la, nisijue ilishukia wapi. Mvua ilipopungua alikuwa ameshafika mstari mwingine.

Nilirudia mahali pale mara nyingi sana, hadi nikaanza kusikia kodi ambazo hazipo. Mwishowe nikafungua picha ya daftari. Iliandikwa d, kisha s, kisha r.

Basi ni re. Kodi ya re ina sauti tatu, re na fa na la. La ya mwalimu ilikuwemo ndani yake, ikakaa bila kugombana. Nilidhani basi anashuka hadi fa, maana fa nayo imo. Niliipiga kwenye kinanda cha kanisa siku ya Ijumaa. Kulikuwa na kitu hakijakaa sawa. Kutoka so kwenda re, wimbo ulikuwa kama mtu aliyefika mlangoni akakumbuka kitu akarudi kinyumenyume. Lakini daftari lilisema r, na mwandishi wa daftari ni mtu aliye kidato cha tatu. Mimi niliishia cha pili. Nikaacha hivyo.

Jumamosi nilifika Bungoma saa nne. Mazoezi yalikuwa katika ukumbi wa kulia chakula, meza zimesukumwa ukutani, sakafu bado ina harufu ya maharagwe. Kinanda cha shule kilikuwa na meno mawili yasiyolia, upande wa juu, kwa hiyo hayakunisumbua. Nyimbo nne zilipita vizuri. Madam, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole iliyokuwa imeanza kukauka, alisema, "Asante Mungu," akakaa.

Mdogo wangu akasimama mahali palipochorwa mlango kwa chaki. Aliimba mstari wa kwanza nikamfuata. Akafika "atafungua", akavuta ile la, nzuri, imenyooka. Nikabonyeza re. Akashuka, na sauti ikamkatikia katikati ya koo kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Tena," Madam alisema.

Alikatika tena pale pale. Mara ya tatu hakukatika, aliteleza tu, akatoka nje ya wimbo kabisa, na wasichana waliokaa juu ya meza wakaanza.

"Ameshukia mahali hakuna steji."

"Mngojeeni, bodaboda itamleta."

"Si angeimba tu kama jogoo, tujue moja."

Mdogo wangu hakuwatazama. Alinitazama mimi, mara moja, kisha akatazama chini. Nilimjua vizuri. Hivyo ndivyo alivyotazama uji siku ile.

Madam aliita msichana mwingine, aliyejifunza wimbo siku hiyo hiyo kwa kutusikiliza. Huyo alivuta la, akashuka hadi fa, akaifuata kodi yangu bila shida yoyote. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini hakukatika.

"Tule kwanza," Madam alisema. Kisha akanisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Tukirudi, kama bado, nitampa huyu mwingine. Nisamehe, dada. Tunaenda wiki ijayo."

Nilimkuta mdogo wangu nyuma ya jikoni, sahani ya githeri magotini, hajaigusa. Nilikaa kwenye kuni karibu naye. Nilikuwa nimeamka saa kumi na moja, na mgongo uliniuma kuanzia shingoni. Nilitaka kumwambia ale. Nilitaka pia kumwambia ile habari ninayomwambia siku zote, kwamba mimi sikupata nafasi kama hii. Badala yake nikasema, "Imba tu. Bila mimi."

"Wameshaamua."

"Imba nisikie."

Aliimba kwa sauti ndogo, akitazama sufuria zilizoinamishwa juani. *Nikikaa nani atafungua.* Akavuta la, akashuka, na hakukatika popote. Alitua chini zaidi ya fa. Alitua kwenye mi.

"Hapo umeenda mi," nilisema.

"Sijui mi. Naenda tu hapo."

"Nani alikufundisha uende hapo?"

"Si mwalimu. Alikuwa anapiga hivyo, naenda."

"Lakini mi haimo kwenye kodi ya re. Daftari lako linasema re."

"Mimi sijui re. Alisema, kodi ya kwanza ni do, halafu ni so, halafu ni ra. Nikaandika r."

"Alisema la?"

"Ndiyo. Ra."

"La."

"Si hiyo tu nasema? Ra."

Tulitazamana. Mama yetu alikuwa mtu wa huku Bungoma, na maisha yake yote alituambia jioni, "Mrare sasa," akimaanisha mlale. Sisi wenyewe, tukichoka, hatujui tena ulimi umeangukia upande gani. Kinuni niliwahi kuandika "kiro" kwa chaki juu ya mlango, ikakaa mwezi mzima na hakuna mteja aliyeona kosa. Mwalimu alitamka ra kama mtu wa kwao, mdogo wangu akasikia ra kama mtu wa kwao, akaandika r. Nami nilipoiona r nikaisoma kama mtu wa kitabu.

Mdogo wangu alianza kucheka kwanza, kijiko mkononi. "Kumbe ni kuongea tu."

"Ni kuongea tu."

"Na wale wamenicheka, ati bodaboda."

Nilicheka hadi machozi, na sijui kama yote yalikuwa ya kicheko.

Tulirudi ukumbini kabla ya wengine. Nilibonyeza do, nikaenda so, nikabonyeza la: la, do, mi. Ni kodi ya ajabu ukiikuta mahali pale. So humwandaa msikilizaji kufika nyumbani. Sikio tayari limeinua mguu kuingia kwa do. Halafu linapokelewa na la. Na katika zile sauti tatu za la, mbili ni za nyumbani kabisa, do na mi, zilizo katika kodi ya do. Ni kama kuingia nyumbani kwenu ukakuta viti ni vile vile, kikombe kipo mezani, ila mwenye kukalia kile kiti hayupo. Mvua ilikuwa imenificha jambo hilo, lakini si mvua peke yake. Nilikuwa nimesikia kwamba re haikai, tangu Ijumaa, nikanyamaza.

Wengine waliporudi, mdogo wangu alisimama penye mlango wa chaki. Alipofika "atafungua" na kushuka hadi mi, kodi ilikuwa pale inamngoja. Hakuongeza sauti. Alisimama tu ndani yake. Yule msichana mwingine, kwa uungwana wake, ndiye aliyeanza kupiga makofi.

"Sasa mbona mwanzoni ilikataa?" Madam aliuliza.

"Ni mimi," nilisema. "Nilisoma vibaya."

"Basi anabaki."

Tulirudia wimbo mara nne zaidi ili vidole vyangu visisahau, kisha wakaachiliwa kwenda kuteka maji. Mdogo wangu alinisindikiza hadi karibu na geti. Alinibebea mfuko ingawa ulikuwa mwepesi.

"Ulikuwa unasikia si sawa?" aliniuliza.

"Nilisikia."

"Si ungeniuliza."

"Ilikuwa imeandikwa na mtu wa shule. Na wewe, si ungesema kwamba kinanda ndicho kimekosea?"

"Nitakuambiaje wewe? Wewe ndiye dada."

Tulitembea kidogo. Nilikuwa nimechoka vya kutosha kuuliza swali ambalo ningeliogopa siku nyingine. Nikamwuliza ni kwa nini hasa hataki shule, na asinipe habari za kuja kunisaidia kusaga.

Alibadilisha mfuko mkono. "Hukuuliza mwalimu aliitoa wapi ile hadithi ya wimbo," alisema.

"Sijawahi hata kumwona."

"Ni mimi. Nilimwambia. Nilidhani akiitungia wimbo itanitoka." Kisha akasema yote mara moja, bila kunitazama. "Kila nikianguka mtihani unaniambia uliacha shule kwa sababu yetu. Nikipita pia unaniambia. Nikikaa darasani nasikia kama nimekalia kiti chako, na wewe umesimama hapo nyuma unangoja niinuke."

Nilitaka kusema kwamba sijawahi kumwambia hivyo. Lakini nilikuwa nimemwambia. Nilimwambia alipopata alama nzuri darasa la nane, nilimwambia alipopoteza sweta, nilimwambia kwa simu, na nilikuwa karibu kumwambia siku ile ile nyuma ya jikoni. Kwangu ilikuwa kama salamu. Sikuwahi kuisikia inavyolia upande wake.

"Sikusema nikuumize," nilisema.

"Najua."

Bawabu alitoka kwenye kibanda chake akatutazama, akarudi ndani.

"Nitamaliza," mdogo wangu alisema. "Cha nne pia. Lakini usiniambie tena hiyo maneno. Nikimaliza, iwe nimemaliza yangu."

"Sawa."

"Usiseme tu sawa, dada."

"Sitakuambia tena."

Alinipa mfuko, akarudi ndani akitembea haraka, maana ndoo yake ilikuwa imebaki kwenye foleni ya maji.

Walienda kwenye tamasha wiki ile, na wiki iliyofuata alikuwa bado shule, na iliyofuata pia. Mwisho wa mwezi alinipigia kwa simu ya mwalimu. Nilikuwa nimemaliza kufagia unga chini ya kinu na nilikuwa natafuta mahali pa kuketi. Aliniambia ameanguka hesabu, vibaya kuliko muhula uliopita. Kisha akangoja, na nikajua anangoja nini.

Yale maneno yalikuja yenyewe. Yamezoea njia. Niliyasikia yamefika nyuma ya meno, nikakaa juu ya gunia nikayashikilia pale.

"Ulianguka sehemu gani?" nilimwuliza.

Kisha akaanza kunieleza kuhusu pembe za duara, kitu ambacho mimi sikufika, nami nikamsikiliza hadi mwisho.